Ushauri: Msimulizi abaki au aondoke katika hadithi yangu ya nuari ya teknolojia?

KivuliChaPosta aliandika:

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Ninasoma mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na muhula huu nimechukua kozi inayounganisha mambo mawili: nuari ya teknolojia, yaani zile hadithi za uhalifu na upelelezi wa gizani ambamo mitambo, kamera na kompyuta ndizo zinazowafuatilia watu, na usimulizi wa kidijitali, ambapo hadithi hutungwa ili isomwe na kusikilizwa kwenye skrini na msomaji achague njia ya kuipitia. Sijawahi kulipenda somo kama ninavyolipenda hili, na ndiyo maana nina wasiwasi wa kuliharibu.

Kazi ya mwisho ninaitengeneza kwa Twine, programu ya kutungia hadithi ambazo msomaji huzipitia kwa kuchagua. Mhusika wangu ni mwanamke wa Mbagala aliyekopa fedha kwa njia ya simu, akachelewa kulipa, na jumbe zikaanza kumfikia kila mtu aliyemo katika orodha ya majina ya simu yake: mwajiri, mchungaji, fundi cherehani, hata jirani ambaye hawasalimiani. Hakuna magari yanayoruka wala mvua isiyokatika ya Los Angeles kama katika filamu ya Blade Runner, kwa sababu giza lote limo ndani ya simu. Mwalimu anataka nimwondoe msimulizi ili msomaji abaki peke yake na jumbe. Mimi nimeshaandika zaidi ya nusu ya kazi kwa sauti ya mdogo wake mhusika, na ninaona kwamba bila sauti hiyo hadithi inakufa. Naombeni ushauri kabla muhula haujaisha. Nawasilisha.

Mzee wa Filamu alijibu:

Mdogo wangu, swali lako lina historia ndefu. Blade Runner ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford ikimweleza mtazamaji mambo ambayo angeweza kuyaona mwenyewe. Toleo la mwaka 1992 liliiondoa sauti hiyo, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba filamu ilipona siku hiyo. Hata hivyo, nuari ya zamani iliishi kwa sauti. Katika filamu ya Double Indemnity ya mwaka 1944, Walter Neff anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha na kuikiri habari yake yote mbele ya mashine ya kurekodia maneno, akimlenga mtu mmoja tu, mfanyakazi mwenzake. Sauti ile inasimama kwa sababu tunajua anamwambia nani na kwa nini hawezi kungoja kesho. Jiulize basi mdogo wake mhusika anamwambia nani.

Kwa wanaoshangaa jina la somo hili, limetokana na ukumbi wa muziki uitwao Tech Noir katika filamu ya The Terminator ya James Cameron, mwaka 1984.

Bandari Salama alijibu:

Mambo ya msimulizi nawaachia wenyewe, ila habari ya mikopo ninaijua kwa uchungu. Shemeji yangu alikopa kiasi kidogo tu cha kununulia mtungi wa gesi. Alipochelewa, ujumbe wa kumwita tapeli ulimfikia mama mkwe wake akiwa msibani, mbele ya watu. Yule mama hakujua hata maana ya programu ya mkopo, akaamini kweli mkwewe ameiba. Mpaka leo wanapeana mikono bila kutazamana. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, lakini kwa familia yetu ilikuwa imechelewa. Vijana, kopeni kwenye vikoba, kwa watu mnaowajua sura zao.

Msomaji Mkongwe alijibu:

Ninasikitika kila ninapoona mwanafunzi wetu akianza safari hii Los Angeles. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, hadithi ya upelelezi kwa Kiswahili yenye chombo cha mawasiliano katika jina lake. Mwaka huohuo Jean-Luc Godard alitoa filamu ya Alphaville, akaupiga picha mji wa mbali unaotawaliwa na kompyuta katika mitaa na majengo ya Paris ya wakati ule, usiku, bila kujenga mji wa bandia. Kwa hiyo umefanya vyema kubaki Mbagala. Rudi ukawasome waliokutangulia katika lugha yako, uone jinsi wanavyomchelewesha msomaji kabla ya kumpa siri, na swali la msimulizi utalijibu mwenyewe.

KivuliChaPosta aliandika:

Nawashukuru nyote. Simu ya Kifo nitaitafuta maktaba. Hoja ya Mzee wa Filamu imenigusa, lakini inanipa nguvu ya kumbakiza msimulizi wangu, kwa kuwa yeye anajua hasa anamwambia nani. Katika Twine nimepanga kila ujumbe wa mdai uonekane kama picha ya skrini, na chini yake sauti ya mdogo mtu ieleze kilichotokea nyumbani saa ileile. Wenzangu darasani wameusoma mwanzo na wamesema jumbe zinatisha kwa sababu zinaonekana za kweli kabisa.

Mama Zuhura alijibu:

Mwanangu, nimesoma maandishi yako yote mawili kwa utulivu. Unasema picha za skrini. Mtu anayetunga ujumbe huuandika. Picha ya skrini huchukuliwa kwenye simu ya mtu. Hizo ni za simu ya nani?

KivuliChaPosta aliandika:

Shikamoo, mama. Ni sehemu ya utafiti wa kazi. Majina yote nimeyabadilisha.

Mama Zuhura alijibu:

Marahaba. Sikuuliza kuhusu majina.

KivuliChaPosta aliandika:

Ni za dada yangu. Alikopa mwaka jana ili kunimalizia ada, jambo ambalo sikulijua mpaka ujumbe uliponifikia na mimi, kwa sababu nami nilikuwa katika orodha yake ya majina. Aliponipa simu yake ya zamani niitumie, jumbe zote zilikuwa bado zimo. Sijamweleza kuhusu hadithi hii. Ameshaanza kusahau, na sitaki kumrudisha kulekule.

Naomba msinielewe vibaya. Nimebadilisha jina lake, nimebadilisha kazi yake, nimemhamishia Mbagala. Maneno ya wadai si mali yake wala si mali yangu, ni maneno ya watu waliotuumiza, na ninaamini yakisomwa jinsi yalivyoandikwa yatamzuia mtu mwingine asikope. Nikitunga jumbe za kubuni, ukatili ule utalainika. Nilijaribu kuzitunga nikaona zinafanana na za tamthilia.

Mzee wa Filamu alijibu:

Sasa ninaelewa kwa nini sauti inakung'ang'ania. Basi nabadili ushauri wangu: msimulizi abaki, kwa sababu wewe ndiye Neff kwenye mashine yake. Hadithi ni ya msimulizi anayegundua kwamba ada yake ndiyo iliyolipiwa kwa aibu ile.

Mama Zuhura alijibu:

Mzee wa Filamu, unamshauri mtoto kuhusu sauti wakati nyumba inavuja. Dada mtu aliaibishwa kwa sababu programu iliingia katika simu yake, ikachukua yaliyomo na kuyapeleka kwa watu asiowachagua yeye. Mwanangu, wewe umefungua simu hiyohiyo na kuchukua yaliyomo. Nia yenu ni tofauti sana, nakubali, lakini yeye atakapojua, hataanza kwa kupima nia. Mtu aliyekulipia ada anastahili kuulizwa.

Msomaji Mkongwe alijibu:

Niongeze jambo kutoka katika somo lako lenyewe. Usimulizi wa kidijitali kama kazi ya kufundishwa ulianzia katika warsha za California miaka ya 1990, ambako Dana Atchley na Joe Lambert waliwasaidia watu wa kawaida kuunganisha picha zao na sauti zao katika kisa cha dakika chache. Msingi wa warsha zile ulikuwa kwamba mwenye kisa hukisimulia mwenyewe, na huamua nani akione. Mwalimu wako anaposema umwondoe msimulizi, huenda ameliona tatizo hili bila kulitaja. Ninaona sauti unayoipigania inakaa kwenye kiti cha dada yako.

KivuliChaPosta aliandika:

Kiti hicho ni changu pia. Ujumbe ulinifikia nikiwa darasani, ukiwa na picha ya kitambulisho chake na neno tapeli. Hofu ile niliibeba mimi, na ninayo haki ya kuisimulia. Isitoshe, kazi hii ataiona mwalimu na kundi dogo la darasa. Sehemu zenye picha nyeti nimezificha katika njia ambayo msomaji hawezi kuifikia mpaka afanye chaguo fulani, na wenzangu niliowatumia faili kwenye kundi la WhatsApp hawajafika huko.

FundiKodi alijibu:

Naomba nizungumze kama fundi, kwa sababu hapa kuna jambo la hatari. Hadithi ya Twine ukishaitoa kwa wasomaji inakuwa faili moja la wavuti, na vifungu vyote vimo ndani yake, hata vile ambavyo msomaji hajavifikia na hata vile ambavyo hakuna njia inayoelekea kwake. Mtu yeyote akilifungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi atasoma kila kifungu kuanzia juu hadi chini. Ukiwa uliacha maelezo yako binafsi katika kifungu cha rasimu, nayo yamo. Picha nazo, kama umezipachika humohumo, zinaweza kutolewa zikiwa nzima. Kuficha kwako kunamzuia msomaji mvumilivu pekee. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya kitambulisho cha mtu si jambo la kuchezea.

Liondoe faili hilo kwenye kundi leo, na uwaombe wenzako walifute kwenye simu zao.

Shaka Halali alijibu:

Nimesubiri kabla ya kuandika. Mleta mada anasoma nuari na usimulizi wa kidijitali. Anakuja na swali la kitaaluma, halafu anafichua picha za skrini, halafu simu, halafu dada, halafu ada, halafu kitambulisho, na kila siri inatoka pale tu tunapombana. Hivyo ndivyo hadithi ya upelelezi inavyojengwa, na sisi ndio tumefanywa wapelelezi. Ninashuku kwamba kazi ya kozi ni uzi huu, hakuna dada, na majibu yetu yatawasilishwa kwa mwalimu kama sehemu ya hadithi. Kama nimekosea, mleta mada alete uthibitisho.

Bandari Salama alijibu:

Kama ni kweli ulichosema, ndugu Shaka, basi kisa cha shemeji yangu nimekitoa bure mbele za watu. Mleta mada, ninaomba jibu la wazi. Mimi nilikueleza habari ya familia kwa kukuhurumia.

KivuliChaPosta aliandika:

Dada yupo. Ndugu Shaka Halali, uthibitisho unaoutaka ni zile picha, na nikiziweka hapa nitakuwa nimefanya mbele ya umma jambo ambalo Mama Zuhura na FundiKodi wananikataza kulifanya mbele ya darasa. Sina njia ya kukuridhisha bila kumwonyesha yeye. Nilianza na swali la msimulizi kwa sababu ndilo nililoweza kuliuliza, na kisa cha Bandari Salama sitakitumia popote.

Faili nimeliondoa kwenye kundi, na niliowajua kuwa wamelifungua nimewaandikia. Kuhusu kumwambia dada, bado ninaona ningemwonyesha kazi iliyokamilika, ili aone imetengenezwa kwa heshima.

Mama Zuhura alijibu:

Ukimpelekea iliyokamilika utakuwa unamwomba akupigie makofi. Mpelekee ikiwa bado inaweza kubadilika, na umwambie kwamba akisema hapana, itakuwa hapana. Kuhusu kama yupo au hayupo, mimi nimelea mabinti, na ushauri wangu ni uleule.

Mzee wa Filamu alijibu:

Ninarudi kwenye swali la awali kwa mara ya mwisho. Akikubali, muulize kama angependa kurekodi sauti yake mwenyewe, hata sentensi chache, kwa kuwa Twine inaweza kucheza faili la sauti katika kifungu chochote. Hapo msimulizi ni yeye, na wewe unabaki kuwa mtu aliyepokea ujumbe darasani. Akikataa, andika kifungu hicho cha darasani peke yake, simu ikiwa mkononi mwako, bila kuonyesha hata neno moja la skrini.

Shaka Halali alijibu:

Sijaridhika, lakini ninaunga mkono kifungu cha darasani. Kikiwa tayari, na kama dada hatajwi ndani yake, kiweke hapa tukisome.