Animal Farm: Snowball angebaki, shamba lingepona kweli?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu habari zenu. Nimeirudia Animal Farm ya Orwell, hadithi ya wanyama wanaomfukuza mkulima wao Jones na kuongozwa na nguruwe, ile Kawegere aliyoitafsiri Shamba la Wanyama 1967, sasa kuna kitu kinanisumbua. Wale nguruwe wawili wanaogombea uongozi, kila mtu anasema Napoleon mbaya Snowball mzuri, basi. Ni kweli Snowball ana maneno, ana kamati kila kona, anachora kinu cha upepo kwa chaki sakafuni, na vitani anatangulia mwenyewe mpaka risasi za Jones zinamchana mgongo. Napoleon yeye kimya tu, anachukua vile vitoto tisa vya mbwa anavificha darini. Ila je Snowball angeshinda siku ile ya kura ya kinu, mambo yangekuwa tofauti?

Kijiweni Senior:
Tofauti kubwa tu mkuu. Kamati zake nyingi zilifeli sawa, lakini darasa la kusoma na kuandika lilifanikiwa, na huyo mwenzake ana kipi cha kuonyesha? Napoleon hakuwahi kushinda kwa hoja. Ramani ya kinu aliikojolea, siku ya kura akapiga mlio mmoja wale mbwa, sasa wakubwa, wakaingia wakamtimua Snowball shambani, af wiki chache baadaye anasema kinu kijengwe, tena msemaji wake Squealer anadai eti lilikuwa wazo la Napoleon tangu mwanzo 😂

Binti Mdadisi:
Mi naomba mrudi kwenye maziwa. Siku ile ile ya kwanza baada ya Jones kufukuzwa ng'ombe wamekamuliwa ndoo tano, Napoleon anasimama mbele ya ndoo anawaambia wenzake msijali maziwa, nendeni mkavune, comrade Snowball atawaongoza, na Snowball kweli anawaongoza, jioni wanarudi maziwa hayapo, kumbe yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe. Yakaja matufaha, nguruwe wote wakakubaliana ni yao peke yao, na kitabu kinamtaja Snowball kwa jina kabisa kwamba hapo yeye na Napoleon walikuwa kitu kimoja. Orwell mwenyewe alimwandikia mhariri wa Marekani Dwight Macdonald 1946 kwamba hapo kwenye maziwa na matufaha ndo mambo yalipogeukia. Wale wawili waligombana kwa kila kitu isipokuwa kwenye kula.

Kijiweni Senior:
Dah, sasa unaweka maziwa na kuchinja watu kwenye mzani mmoja? Wale nguruwe wanne waliochinjwa wa kwanza ni wale wale waliopinga mikutano ya Jumapili kufutwa. Enzi za Snowball ungepinga, ukashindwa kura, ukaenda kulala kwako salama. Hiyo kwangu si ndogo.

Binti Mdadisi:
Si ndogo, nakubali. Ila mikutano ilikuwepo wakati matufaha yanachukuliwa, na wanyama walinung'unika, ikasaidia nini? Akatumwa Squealer, akawaambia sayansi imethibitisha nguruwe wanayahitaji kwa ajili ya akili, na mkikataa Jones atarudi, wakanywea wote. Snowball yupo hapo hapo anakula. Mwenye kipaji cha kusema namna ile akinyamaza, huo nao ni uongozi wake.

Fundi Kiraka:
Nyie mnabishana nguruwe gani, mi nauliza farasi. Boxer alikuwa na nguvu kuliko wote. Sura ya saba watatu kati ya wale mbwa wa Napoleon wanamrukia, yeye anamdaka mmoja hewani anamkandamiza chini kwa kwato, halafu anafanya nini? Anamtazama Napoleon apewe ruhusa, amuue au amwachie! Napoleon anamwambia mwachie, naye ananyanyua kwato. Napoleon alikuwa mwoga, vita vya zizini dhidi ya Jones hatumwoni akifanya lolote la maana, lakini mwoga huyo alishajua hakuna atakayebonyeza ile kwato bila kumuuliza. Kwa mtaji huo hata Snowball angetawala miaka 20 akila matufaha yake kwa raha.