IST ya 1NZ: bomba la hewa baridi na filta ya koni, nianze nalo?

Kijana_Wa_Chake

Assalaam alaykum wakubwa. Nipo Chake Chake, Pemba. Nna Toyota IST ya 2004, ile ya 1500 yenye injini ya 1NZ, gia otomatiki. Ndiyo gari yangu ya kwanza na nataka kuipandisha hadhi kidogokidogo. Kila video ninayoangalia watu wanaanza na filta ya koni na bomba la chuma linaloteremka mpaka nyuma ya bampa. Wanasema injini inavuta hewa baridi, gari inakuwa nyepesi. Kuna jamaa yuko Mjini ananiuzia seti nzima laki na themanini: filta nyekundu, bomba linalong'ara na klipu zake.

Shida yangu khasa ni vilima. Nikitoka Chake kwenda Wete na abiria wanne na AC imewashwa, gari inalia tu, haiendi. Msimu wa karafuu nakwenda sana Konde, na mara nyengine napita njia ya Ngezi, na mnaijua ile: jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope. Jee, nianze na bomba hilo? Na lipi, refu la kwenye bampa au lile fupi linalokaa palepale juu ya injini?

Aliyelifunga ndiye ajibu, asiyelifunga aangalie tu.

Altezza_Fuoni

Funga yakhe, usisikilize wazee. Mimi gari yangu nimefunga na ukikanyaga unasikia raha mpaka kwenye mifupa. Laki na themanini si pesa nyingi kwa furaha ile. Chukua refu, fupi linavuta moto.

Fundi_Mwera

Waalaykumu salaam mwanangu. Mimi hayo mabomba nimewafungia wateja, na wengi nimewafungulia baadaye, kwa hiyo nadhani ruhusa ya kujibu ninayo.

Kabla hujafungua pochi fungua boneti. Tafuta boksi jeusi la filta, kisha ufuate mdomo wake unapoelekea. Toyota hawakuuacha mdomo ule uvute hewa ya juu ya injini. Wameupeleka mbele, upande wa grili, ndiko hewa ya nje inakoingilia. Yaani hewa baridi anayotaka kukuuzia huyo jamaa wa Mjini, gari imezaliwa nayo. Vile viboksi vyengine vilivyobandikwa kwenye njia ya hewa, ambavyo vijana ndivyo huvitoa mwanzo kabisa, kazi yake ni kumeza kelele. Ukivitoa unasikia mvumo, na mtu akishasikia mvumo huapa kwamba gari imeongezeka nguvu.

Hesabu yake iko hivi. Joto la hewa likipanda digrii 3, hewa inapungua uzito kwa kiasi cha asilimia 1. Mchana wa kaskazi huko nje ni digrii 32 hivi. Chini ya boneti, gari ikiwa inatambaa kwenye foleni, 60 si ajabu. Injini ikivuta ile ya 60 badala ya ile ya 32, imekosa kama asilimia 8 ya hewa yake. Kwa hiyo lile fupi, filta iko uchi juu ya injini, liache. Utakuwa umelipa ili gari ipungue nguvu. Watakwambia ukitembea hewa inapoa. Inapoa kweli barabara ikiwa tambarare na unakwenda kasi, lakini wewe umesema unapanda kilima na watu wanne, taratibu, injini imeshapata moto.

Lile refu linavuta hewa ya baridi, sikatai. Lakini 1NZ yako inatoa nguvu za farasi 109, na inazitoa ikifika mizunguko 6000 kwa dakika. Bomba zuri kabisa, lililofungwa vizuri, litakupa farasi wachache, na watapatikana huko huko juu. Nani anapanda Wete kwa mizunguko 6000? Otomatiki yako ikiwa kwenye 3000, injini ya 1500 haivuti hewa nyingi kiasi cha kubanwa na filta ya karatasi iliyo safi. Nasema iliyo safi, nitarudi hapo.

Jambo ambalo video hazisemi ni sensa ya hewa. Ile iliyochomekwa baada ya filta, yenye waya tano. Ndani yake kuna waya mwembamba mno unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inajua hewa imeingia kiasi gani kwa kupima umeme unaotakiwa kuurudishia joto lake. Sasa hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa njia ileile aliyoitengeneza Toyota. Ihamishie sensa kwenye bomba lililo pana zaidi: hewa ni ileile lakini inapita polepole, waya haupoi kama ulivyozoea, kompyuta inadhani hewa ni chache, basi nayo inamwaga petroli chache. Gari inaungua kavu. Taa ya injini inawaka, ukiisoma kwa mashine unakuta P0171, namba ya kosa la petroli chache. Hapo tena mteja ananijia na uso umekunjamana, "fundi, sensa imekufa." Haijafa. Inapima vizuri kabisa, ila ndani ya nyumba isiyokuwa yake.

Halafu hizo filta nyekundu. Nyingi ni za pamba iliyopakwa mafuta. Zilizo asli, mfano K&N, zina mafuta yake maalumu na kipimo chake, na zinaoshwa zikatumika tena. Mtu akizipaka mafuta ya kuzidi, yanavutwa yakaganda kwenye ule waya wa sensa. Na za bandia, hizi zinazouzwa kwa seti, nimezishika sana: unaielekeza juani unaona mwanga unapenya pale pamba inapokutana na mpira. Palipopita mwanga mkubwa namna hiyo, vumbi la Ngezi litapita na biskeli yake. Likishaingia linakwenda kusaga ringi za pistoni, na ringi hazipigi kelele, utakuja kujua gari imeanza kula oili.

Sasa gari kulia kwenye kilima. Hiyo kwangu ni dalili ya ugonjwa, si upungufu wa mapambo. Toa filta ya karatasi uitazame. Kama ni nyeusi au imejaa unga mwekundu, weka mpya. Ukiwa huna, ipulize kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, usipulize kutoka nje maana unazidi kulishindilia vumbi. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, ile iliyoandikwa kwamba ni ya sensa za hewa, si dawa ya kabureta, na usiuguse waya kwa kidole wala pamba. Mlango wa throto, ule unaopitisha hewa ukikanyaga mafuta, ufunguliwe uangaliwe masizi. Plagi zitolewe. Oili ya gia boksi inuse. Ikinuka kuungua, hilo ndilo tatizo lako na bomba halihusiki. Na masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi: gari iliyokula oili muda mrefu masega huziba, ikawa inakohoa badala ya kupumua. Ukiyamaliza hayo utuambie kama bado inalia.

Kuna na AC. Injini ya 1500, watu wanne, kilima, AC imewashwa. Zima AC ukiwa chini ya kilima, iwashe ukifika juu. Haina gharama.

Bi_Mkwajuni

Fundi kamaliza ya hewa, mie naongeza ya maji kwa sababu hakuyataja na ndiyo yanayotisha zaidi. Lile bomba refu filta yake iko chini, nyuma ya bampa, usawa wa tairi. Masika ya huku Unguja nyote mnayajua, kuna mahali barabara inageuka ziwa. Jirani yangu alikuwa nalo kwenye gari yake. Kaingia kwenye dimbwi la Mwanakwerekwe ambalo magari mengine yalikuwa yanapita, mbele yake Noah imepita, nyuma yake daladala imepita, yeye gari ikazima katikati.

Filta ikizama, injini inavuta maji. Hewa inakandamizika, maji hayakandamiziki. Pistoni inapanda inakuta maji hayana pa kwenda, basi kinachopinda ni konirodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni. Yeye tena akakosa subira akawa anapiga stata, akaimaliza. Injini ikashuka nzima.

Yapo makampuni yanayouza kivalvu cha kuweka katikati ya bomba, maji yakifika kwenye filta kinafunguka injini ipate hewa ya juu. AEM wanacho. Lakini muulize huyo muuzaji wako wa laki na themanini kama kwenye seti yake kimo.

Wewe na tope za Ngezi, mdogo wangu, mimi nisingethubutu.

Altezza_Fuoni

Kwani nyote mnapita kwenye madimbwi? Mimi masika nikiona maji nageuza.

Na fundi, si kila kitu ni farasi. Mtu anaweza kutaka sauti na ikawa ni haki yake. Mbona watu wananunua rimu?

Fundi_Mwera

Ni haki yake kabisa, na akija kwangu akasema "fundi nataka sauti", namfungia na tunacheka pamoja. Mwenzio kasema anataka kupanda kilima.

Na gari yako si sawa na yake. Wewe kama ni Altezza RS200 ya gia 6, ile injini yake ya 3S inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7600, imetengenezwa kwa ajili ya kupiga makelele huko juu. Hapo bomba lina maana kidogo. Japo nakuuliza, ndugu yangu, 7600 hiyo unaifikia wapi? Kutoka Mjini mpaka Paje ni kama kilomita 50, na kila kijiji kina matuta, na baina ya matuta na matuta kuna trafiki.

Altezza_Fuoni

Hahaha. Pale baada ya Jozani. Sisemi zaidi.

Dereva_Mkoani

Kijana wa Chake, ukitaka kujua ukweli kuliko maneno yetu sote, tafuta kidude cha kusomea gari kwenye simu, kile cha kuchomeka chini ya usukani. Kinakuonesha joto la hewa inayoingia kwenye injini, kwa sababu ile sensa ya hewa ina kipima joto ndani yake. Tembea barabarani dakika kadhaa uangalie. Ikiwa inazidi joto la nje kwa digrii chache tu, bomba la hewa baridi litakuletea nini tena? Ikiwa iko juu sana, basi kuna kitu kimekaa vibaya. Ila ujue vidude vya bei ya chini mara nyengine havishikani na Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani, jaribu kwanza cha kuazima.

Kijana_Wa_Chake

Shukran sana wakubwa zangu. Nimefanya kama alivyosema ami Fundi, nimefungua boneti nikaufuata mdomo wa boksi. Haufiki mbele! Kuna kipande kifupi kimetoka kwenye boksi halafu basi, kimeelekea hewani palepale juu ya injini. Kwenye kichuma cha mbele kuna tundu mbili za skrubu tupu. Filta yenyewe nilipoitoa ina unga mwekundu na mabawa ya wadudu.

Kidude cha simu nimeazima kwa rafiki wa Machomanne, kimeshika baada ya kukibembeleza. Nje digrii 31, hewa inayoingia wakati napanda kilima 58. Nikishuka inarudi 44 hivi.

Jee, ndio tuseme sasa nahitaji lile bomba?

Fundi_Mwera

Hapana, unahitaji lile lililotolewa. Huyo aliyekuwa na gari kabla yako, au fundi wake, alifungua mdomo wa mbele akafanyie kazi nyengine na hakuurudisha. Naliona sana hili. Wanautoa ili mkono upite, kisha inabaki skrubu moja chini na mdomo kwenye kona ya gereji.

Nenda kwa wanaouza spea za mtumba zilizokatwa kwenye magari ya Japani. Usiseme "mpira wa hewa wa IST" ukanyamaza. Sema mdomo wa mbele wa boksi la filta, IST NCP61, injini 1NZ. Ukisema IST tu watakupa wa NCP60, ile ya 1300, ukalingane au usilingane. Piga picha ya kile kipande kilichobaki na zile tundu mbili uwaoneshe. Ni plastiki, angalia isiwe na ufa karibu na kikonyo. Bei yake haikaribii hata robo ya seti ya jamaa yako.

Filta weka mpya ya karatasi siku hiyohiyo. Sensa usafishe ukiwa umeshalitoa boksi, maana iko wazi. Ukimaliza zima injini, chomoa betri dakika kumi, uirudishe, na siku za mwanzo usishangae gari ikisitasita kidogo kwenye taa, inajifunza upya.

Dereva_Mkoani

Wa NCP61 upo kwa mtu hapa Mkoani, gari ilipata ajali ya nyuma, mbele ni nzima. Kesho nna abiria wa Chake, nikiupata nakuja nao. Nitumie hiyo picha ya tundu kwanza.

Kijana_Wa_Chake

Nakutumia sasa hivi. Na ami Fundi, oili ya gia boksi nimeinusa, naona kama inanuka kidogo lakini sijui "kuungua" inanukaje. Rangi yake ni ya kahawia, si nyekundu.

Fundi_Mwera

Kahawia? Basi usipande Wete na watu wanne mpaka ibadilishwe. Usiitoe yote kwa mashine ya kusukuma, gari ya umri huo. Fungua chini, itakayotoka itoke, weka kiasi hichohicho cha ile anayotaka Toyota, uendeshe kwa wiki, kisha rudia. Tazama na sumaku iliyo ndani ya sahani ya chini: unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida, vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha unipigie picha kabla hujafunga.