Acheni kumsifia Kocha Ferentz kwa "uaminifu" wake kwa Petras, gharama walilipa vijana

Wakuu, nimevumilia hadi nimechoka. Tangu Kirk Ferentz, kocha wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa, ampite Woody Hayes mwaka 2025 na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya Big Ten, ligi ya vyuo, kila anayeizungumzia Iowa lazima aingize kile kibwagizo cha mzee hamtupi mchezaji wake. Na mfano ni uleule kila siku: Spencer Petras, kwotabeki wake, aliyemng'ang'ania msimu wa 2022 licha ya kuboronga. Juzi kuna mdau kafika mbali zaidi, kaandika kwamba makocha wa Ligi Kuu nyumbani, wanaomtia mtu benchi kwa kosa moja, waje huku wajifunze. Mimi naishi hukuhuku, Coralville, Marekani, pua na mdomo na Kinnick, uwanja wa Iowa. Msimu ule niliushuhudia. Siwezi kukaa kimya huku historia inapindwa.

Kwa mdau ambaye mpira wa Kimarekani haufuatilii, nieleze kwa kifupi ili twende sawa. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Matatu ya kwanza yakishindikana, kwa kawaida la nne unalitumia kuubutua mpira mbali ili adui aanzie kwake. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila jaribio na kuamua aurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Akiboronga yeye, wengine kumi uwanjani hawana cha kufanya. Sasa mwaka ule Iowa ilikuwa na safu ya ulinzi ya kutisha chini ya kocha Phil Parker: kwa wastani iliruhusu pointi 13.3 kwa mechi, ya pili kwa ubora nchi nzima. Jack Campbell alichukua tuzo ya Butkus, inayopewa beki wa kati bora wa vyuo vyote. Na mashambulizi je? Yadi 251.6 kwa mechi. Nafasi ya 130 kati ya timu 131. Someni tena hiyo namba.

Tuanze na tarehe 3 Septemba 2022, mechi ya kwanza, nyumbani, dhidi ya South Dakota State, chuo cha daraja la chini. Iowa ilishinda 7-3. Asiyejua atadhani tulipata tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui, ambayo pamoja na teke la nyongeza huzaa pointi saba. Hatukupata hata moja! Pointi tatu zilitoka kwa mpiga mateke, na nne zilizobaki zililetwa na ulinzi, uliomwangusha adui mara mbili ndani ya eneo lake la mwisho, pointi mbili kila mara. Petras alirusha mipira 25, ikafika 11, yadi 109, mmoja ukanaswa na adui. Mbutuaji wetu Tory Taylor, kijana wa Australia, aliingia mara 10. Mashabiki walimshangilia yeye kuliko mshambuliaji yeyote, na walikuwa na haki. Ukiangalia jaribio la tatu zimebaki yadi nane, ulikuwa unajua kitakachotokea kabla mpira haujatoka: Petras anarudi nyuma, macho yameganda kwa mtu mmoja tu, mlinzi ameshamsoma, mpira unapita nyuma ya mgongo wa mpokeaji au unatua chini. Halafu Taylor anakuja akijifunga mkanda wa kofia. Watu wakazomea ndani ya Kinnick, uwanja ambao mwisho wa robo ya kwanza watu wote husimama na kuwapungia mkono watoto waliolazwa kwenye hospitali iliyo jirani. Hao si watu wa kuzomea ovyo.

Wiki iliyofuata ikaja Iowa State, majirani na mahasimu. Lukas Van Ness alizuia mpira wa kubutua mara mbili peke yake, kitu ambacho timu nyingine haikipati msimu mzima. Tukapoteza 10-7. Ulinzi ulisimamishwa uwanjani kwa majaribio 21 mfululizo, adui akitembea yadi 99, kwa sababu wenzao wa mbele hawakuweza kukaa na mpira hata kidogo wapate kuvuta pumzi. Oktoba tukaenda Illinois, tukafungwa 9-6. Tisa kwa sita, ndugu zangu! Ulinzi haukuruhusu tachidauni hata moja na bado tukapoteza. Waliokuwa kwenye ulinzi ule wengine walikuwa msimu wao wa mwisho chuoni, na msimu ule haurudi. Nani alikuwa mwaminifu kwao?

Halafu Ohio State, tarehe 22 Oktoba: 54-10. Mpira wa kwanza kabisa aliorusha Petras ulinaswa. Hadi mapumziko alikuwa amefikisha mipira 6 kati ya 14, yadi 49, miwili imenaswa na mmoja umemponyoka. Tachidauni pekee ya Iowa siku hiyo ilifungwa na Joe Evans, mtu wa ulinzi. Kipindi cha pili kocha akamwingiza Alex Padilla, kwotabeki wa akiba. Naye hakufanya la maana, nakiri, lakini mtu unamwita wakati nyumba imeshaungua unategemea azime nini? Wiki iliyofuata Petras akarudi kuanza kama kawaida, na sisi tukaambiwa kwamba makocha wanaona mazoezini tusichokiona sisi.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho wanaomsifia mzee huwa wanakiruka. Ule haukuwa uaminifu kwa Petras. Ulikuwa uaminifu kwa Brian Ferentz.

Brian ni mtoto wa kocha. Ndiye aliyekuwa kocha wa mashambulizi tangu 2017, na mwaka huohuo wa 2022 akaongezewa kazi ya kuwafundisha makwotabeki baada ya Ken O'Keefe kuiachia kazi hiyo. Kwa kuwa kanuni za chuo hazimruhusu mtu kumsimamia ndugu yake wa damu, kwenye karatasi Brian alikuwa anaripoti kwa mkurugenzi wa michezo, Gary Barta, si kwa baba yake. Kwenye karatasi! Lakini baba ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa timu kila Jumamosi. Sasa fikirini wenyewe. Ukimtoa Petras na anayeingia akacheza vizuri, maana yake mwalimu wake alichagua vibaya. Akiingia naye akacheza vibaya vilevile, basi tatizo si mchezaji, ni mwalimu. Njia zote mbili zinaishia mlangoni kwa mtoto wa mzee. Kumwacha Petras pale pale, apigwe, azomewe, atukanwe mitandaoni, ndiyo ilikuwa njia pekee ambayo lawama ingebaki kwa kijana. Petras alifanywa ukuta wa kumkinga mtu mzima anayelipwa dola 900,000 kwa mwaka.

Na msiniambie hakukuwa na mtu mwingine. Mwaka 2021 Petras alipoumia bega, Padilla aliingia akamalizia mechi ya Northwestern tukashinda, kisha akaanza dhidi ya Minnesota, Illinois na Nebraska. Zote tukashinda. Sisemi alikuwa moto wa kuotea mbali, na ile ya Nebraska ni Petras aliyerudi kipindi cha pili tukageuza matokeo. Lakini baada ya hapo Petras ndiye aliyeanza fainali ya Big Ten, Michigan wakatukung'uta 42-3, na Citrus Bowl, mechi ya kufungia msimu, dhidi ya Kentucky, mipira yake mitatu ikanaswa, tukapoteza 20-17. Kiangazi kikapita chote. Soko la uhamisho lilikuwa wazi, vyuo vingine vinaokota makwotabeki huku na huku. Iowa haikuleta hata mmoja.

Wakati sisi hatuleti mtu, watu walikuwa wanaondoka. Charlie Jones alikuwa mpokeaji wetu. Mwaka 2021 alidaka mipira 21 kwa msimu mzima, kazi yake kubwa ikawa kurudisha mipira iliyobutuliwa. Akaona hapa atazeeka bure, akahamia Purdue. Mwaka uleule wa 2022, ligi ileile, alidaka 110 na kukusanya yadi 1,361. Miguu ni ileile, mikono ni ileile. Alichobadilisha ni anayemrushia na anayepanga mashambulizi. Mimi hili peke yake lingetosha kumwita mtu ofisini na kumuuliza maswali, lakini unamwita nani wakati mwenye ofisi ni baba?

Najua jibu linalokuja, maana kila siku ni lilelile: "Baada ya Ohio State si alishinda mechi nne mfululizo?" Ni kweli, alishinda. Northwestern 33-13, Purdue 24-3, Wisconsin 24-10, Minnesota 13-10. Dhidi ya Northwestern mipira 21 kati ya 30 ilifika, yadi 220. Hongera zake, na ninasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu yule kijana hakuwahi kunung'unika hadharani wala kumtupia mwenzake lawama. Lakini Northwestern ile ilimaliza msimu na ushindi mmoja na vipigo kumi na moja. Na kama Petras alikuwa na uwezo wa kucheza vile, basi mnathibitisha hoja yangu: uwezo ulikuwepo na aliyepewa kazi ya kuutoa alishindwa kwa wiki saba.

Kisha Nebraska, tarehe 25 Novemba, nyumbani. Ushindi ungetupeleka tena fainali ya Big Ten. Nebraska walikuwa wameshinda mechi tatu tu na kocha wao alikuwa wa muda. Petras akaumia bega mapema, Padilla akaingizwa baridi baada ya kukalishwa karibu msimu wote, tukapoteza 24-17. Hapo ndipo matunda ya huo mnaouita uaminifu yalipoonekana. Ukimng'ang'ania mtu mmoja bila kumwandaa wa pili, siku ya kwanza akianguka na timu nzima inaanguka. Padilla akafunga virago. Petras akafanyiwa upasuaji.

Mechi ya mwisho, Music City Bowl, akaanza Joe Labas, kijana ambaye hakuwahi kurusha mpira hata mmoja katika mechi ya chuo. Mipira 14 kati ya 24, yadi 139, tachidauni moja, hakuna ulionaswa. Kentucky walewale, 21-0. Ndiyo, ulinzi ulifunga mara mbili, Nwankpa na DeJean, siwanyang'anyi haki yao. Ila ninauliza: Petras msimu mzima ule alirusha tachidauni 5. Kulikuwa na hasara gani kumjaribu mwingine mapema?

Kama bado mna shaka nani alikuwa analindwa, tazameni yaliyofuata. Februari 2023, badala ya kumwondoa Brian, walimbadilishia mkataba: mshahara ukashushwa hadi dola 850,000, na akatakiwa timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi na ushindi usiopungua saba. Na pointi hizo zilihesabu hata zile za ulinzi! Yaani mashambulizi yasipofunga, DeJean akinasa mpira na kukimbia nao, anahesabiwa kocha wa mashambulizi. Nchi nzima ilitucheka. Wakaleta Cade McNamara kutoka Michigan, akaumia goti, akaingia Deacon Hill, na filamu ikaanza upya: kijana anahangaika, hata nusu ya mipira yake haifiki, kocha anamng'ang'ania karibu hadi mwisho. Ilibidi mkurugenzi mpya wa muda, Beth Goetz, atangaze mwenyewe tarehe 30 Oktoba kwamba Brian hatarudi. Baba hakuthubutu. Hata hivyo akaachwa amalizie msimu, na tukamalizia hivi: Michigan 26-0, Tennessee 35-0. Mechi mbili kubwa, pointi sifuri, na ulinzi uleule uliotubeba hadi kushinda mechi 10.

Petras ni mtu mmoja, Hill ni mwingine. Makwotabeki wawili tofauti, miguu tofauti, mikono tofauti, balaa moja. Mwaka 2024 Petras alikwenda Utah State akapewa nafasi ya kuanza huko, mbali na jina la Ferentz. Kuna watu hapa mtaani waliomwita takataka na hadi leo hawajafuta walichoandika. Mnatakiwa mumwombe radhi.

Kwa hiyo mdau uliyeandika kwamba makocha wa nyumbani waje kujifunza, njoo hapa unijibu bila kuzunguka. Padilla alishinda mechi zote alizoanza 2021, kwa nini Septemba 2022 hakupewa hata robo moja baada ya ile 7-3? Na kama Brian angekuwa na jina la ukoo mwingine, angefika Oktoba?