Mrejesho: Murray cod wa mto Murrumbidgee

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini narudi mikono mitupu kila nikienda kuvua Murray cod, samaki mkubwa wa mtoni, hapa Wagga Wagga, Australia. Asanteni sana kwa ushauri. Niliacha vile vidude vidogo vya kung'aa nilivyokuwa natumia kama chambo, nikanunua chambo bandia kikubwa cheusi chenye kibati kinachozunguka, maana maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikakirusha ubavuni kabisa mwa gogo lililozama, nikavuta polepole. Jioni ya pili, giza likiingia, mshipi ukakaza: sentimita 52! Chini ya 55 haruhusiwi, nikamrudisha majini. Chambo cha kuelea juu alfajiri kimenigomea. Siku tatu, hata kuguswa. Na vyambo viwili vimenasa na kubaki kwenye magogo, bei yake msiniulize.