Msaada: tarabu ya dakika 9 imekuwa 1:45, niitoe hivi hivi?

LangoniKwetu
Asalaam alaykum wadau. Niko Amu (Lamu). Nina tarabu ya harusi, asili yake dakika tisa na kitu: udi, fidla, kinanda na dumbaki. Prodyuza mmoja wa Malindi ameishusha hadi 1:45. Anasema siku hizi wimbo ukipita dakika mbili vijana wanauruka. Nikiwasikilizisha wazee wanauliza, "Na ulobakia uko wapi?" Nataka kuelewa kwa nini hizi nyimbo fupi zinapendwa hivi, na kama 1:45 si fupi mno kwa tarabu. Usingizi hauji. Hakuna kilichopotea, na mdundo haukuharakishwa, ni mapigo 96 kwa dakika kama mwanzo. Kimo kila kitu: udi wa kufungulia, beti mbili, kiitikio mara tatu.

BwanaSanturi
Wa alaykum salaam. Ufupi si jambo la vijana wa leo. Santuri za mizunguko 78, zile za inchi 10, zilikuwa zinabeba kama dakika tatu kwa upande mmoja. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, tarabu ya kukesha Unguja ililazimika kuingia kwenye nafasi hiyo. Ikaja santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyotoka Marekani mwaka 1949, na huku kwetu benga na rumba zikagawanywa: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Mtu akitaka kufika kwenye sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, anainuka kugeuza. Kwa hiyo urefu wa wimbo siku zote umeamuliwa na chombo kinachoubeba, si na roho ya mwimbaji peke yake.

NahodhaMchekeshaji
Bendi ya Napalm Death ya Uingereza wana wimbo wa sekunde 1.3, umo kwenye rekodi za Guinness. Wako wa sekunde 105 kwao ni utenzi. Tulia.

FundiMitambo_MLD
Nijibu la "kwa nini" kwanza, maana watu wanalijibu nusu.

Kuna sababu ya pesa. Spotify inahesabu usikilizaji mtu akifika sekunde 30. Wimbo wa 1:45 na wa dakika tisa, vyote vinahesabiwa mara moja. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu upande wa rekodi. Kwa saa moja tarabu yako ndefu inapigwa kama mara sita. Hiyo fupi inapigwa mara 34. Hesabu hiyo ndiyo inayozungumza kichwani mwa prodyuza wako hata asipoitamka.

Halafu kuna sababu ya sikio. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu kinachorudiwa mbele ya mtu huanza kumpendeza kwa sababu tu amekizoea. Wimbo mfupi unakwisha kabla msikilizaji hajashiba, anabonyeza tena. Akiurudia mara moja tu, kiitikio chako ameshakisikia mara sita ndani ya dakika tatu na nusu. "Old Town Road" ya Lil Nas X, toleo la kwanza, ni 1:53. Mwaka 2019 wimbo huo ulikaa namba moja Marekani wiki 19, ukisaidiwa na toleo la pili ambalo nalo halifiki dakika tatu. Na kabla hujasema ni mambo ya simu: "Stay" ya Maurice Williams and the Zodiacs ni ya 1960, haifiki 1:40, nayo ilishika namba moja kwenye Hot 100, orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani.

Lakini hizo zilitungwa fupi. Yako imekatwa. Kuna tofauti, na nitaifikia ukitueleza nini hasa kimetolewa.

UmmuRahma_Mkomani
Tarabu ya harusi ni ndefu kwa sababu ya kutunza. Mwimbaji anaurudia ubeti mpaka wanaotaka kutunza wamalize kuja mbele na noti zao. Akimwona bibi mwingine anainuka, anaurudia tena. Kwenye simu hakuna anayeinuka, basi hayo marudio yakiondoka si hasara. Tatizo ni adabu. Maneno ya watu mnayageuza vipande vya kuchezea dansi, kisha mnasema mnahifadhi utamaduni.

LangoniKwetu
Bi Ummu, hakuna aliyevunja adabu. Kilichotolewa ni marudio na bashrafu tu, ule utangulizi wa ala bila maneno. Fundi, nimeshasema, hakuna kilichopotea.

Kibwagizo
Bashrafu ni sawa kuondoka, hata kwenye kumbi watu huongea juu yake. Angalizo kwa wanaokata tarabu: usikate katikati ya mshororo kwa kufuata mdundo. Shairi la mizani 16 lina pumzi kwenye ya nane, kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo. Ukikata hapo, kina cha kati kinabaki kinaning'inia na msikilizaji anahisi kuna kitu kimekosekana ingawa hawezi kukitaja. Kata mwisho wa kituo, na mkia wa udi uuachie ulie. Ukiunyofoa unasikia "tik". Dawa yake ni kupishanisha vipande viwili kwa milisekunde 10 hadi 20, moja ikififia nyingine ikipanda. Dumbaki likiwa na mwangwi wa ukumbi itabidi uongeze, maana mwangwi haufuati mkasi.

ChaiYaRangi
Jamani mmeshaanza kumfundisha kukata na hakuna aliyepiga hesabu. Mimi naona hii ni chai.

Mapigo 96 kwa dakika, mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.5. Mshororo wa mizani 16 kwa mwendo wa tarabu unachukua mizunguko minne, yaani sekunde 10. Ubeti wa mishororo minne ni sekunde 40. Beti mbili, 80. Kiitikio cha mishororo miwili ni sekunde 20, mara tatu ni 60. Hapo tuko 140 na udi haujaguswa. Wimbo wa kweli wenye hayo yote ni 2:20 na zaidi. Yeye anasema 1:45 na mdundo haukuharakishwa. Ama hajui wimbo wake, ama hakuna wimbo. Tarabu ya Amu, prodyuza wa Malindi, wazee wanaouliza maswali: hekaya tamu, imekaa kama tamthilia ya redio.

NahodhaMchekeshaji
😂😂 Mtu kaja kuomba ushauri kapewa mtihani wa hesabu wa darasa la saba.

UmmuRahma_Mkomani
Chai tena? Mimi nilishaanza kukasirika bure.

FundiMitambo_MLD
Hesabu ya Chai ni sahihi, ila anakimbilia hitimisho. Ondoa ubeti mmoja: 40 na 60 ni 100, ongeza mizunguko miwili ya udi, sekunde 5. Jumla 105, ambayo ni 1:45 kamili. Wimbo upo. Langoni, ubeti mmoja umetolewa. Ni upi?

LangoniKwetu
Sawa. Ni ubeti wa mwisho. Una maneno mazito, vijana hawatauelewa. Na prodyuza alisema ukiwemo tunapita dakika mbili.

Kibwagizo
Wa mwisho kwenye shairi zima, ama wa mwisho kwenye zile mbili? Kama ni kaditama, humo ndimo mtunzi hufunga fumbo, na mara nyingi ndimo hujitaja jina.

LangoniKwetu
Ndio, jina lake limo. Mtunzi ni mzee wa mtaani. Yu hai, na alishalipwa. Shairi liliagizwa kwa ajili ya harusi ya dadangu na pesa akapewa mkononi. Sioni kwa nini nirudi kumwomba ruhusa ya kitu kilichonunuliwa. Sauti ni yangu, udi ni wangu.

ChaiYaRangi
Nimekubali, chai ilikuwa haina sukari tu. Nani alilipa?

LangoniKwetu
Shangazi.

NahodhaMchekeshaji
Basi wimbo ni wa shangazi. Uzi ufungwe.

WakiliWaBarazani
Nahodha anatania lakini amepiga karibu na shina. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa, kama hakukuwa na makubaliano mengine, haki yake ya kiuchumi inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza. Aliyeagiza ni shangazi, si wewe. Zungumza naye, mwandikishane karatasi, kwa sababu kuhamisha hakimiliki kunatakiwa kuwe kwa maandishi.

Ila haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kiasi cha kumvunjia heshima, haikuuzwa na zile noti. Hiyo inabaki kwa mzee. Wewe umemtoa ndani ya wimbo. Umemwandika nje?

LangoniKwetu
Nje wapi?

WakiliWaBarazani
Kwenye fomu ya msambazaji. Sehemu ya mwandishi wa maneno.

LangoniKwetu
Niliweka jina langu na la prodyuza. Fomu ilikuwa haikubali kuachwa wazi. Wimbo tayari nimeupeleka, unatoka Ijumaa. Ndiyo maana niliuliza kama 1:45 ni fupi mno, sikuuliza mambo ya sheria.

UmmuRahma_Mkomani
Mwanangu, hivyo ulikuja kuomba baraka, hukuja kuomba ushauri.

BwanaSanturi
Mambo haya nayo yana umri. Kwenye santuri za 78 nafasi ilibana, na ubeti wa kufungia uliweza kukatwa sindano ikikaribia katikati. Kuna mashairi ya pwani yanaimbwa hadi leo na mtunzi wake hajulikani, na huenda sababu mojawapo ni hiyo. Ala zikipungua fundi mwingine atazirudisha. Jina likishatoka hakuna ajuaye pa kulitafuta.

FundiMitambo_MLD
Tuache lawama, tutengeneze. Unaweza kupata wimbo mfupi wenye kaditama ndani, tena utavutia kuliko huo wa 1:45.

Kosa la toleo lako ni kwamba ni wimbo mrefu uliopunguzwa, bado una umbo la mrefu: udi, kiitikio, ubeti, kiitikio, kiitikio. Viitikio viwili vya mwisho vimebanana bila kazi. Panga hivi. Anza na kiitikio moja kwa moja, sekunde 20, sauti iingie kabla ya sekunde ya kwanza kuisha. Ubeti wa kwanza, 40. Kiitikio, 20. Kaditama, 40. Malizia na ile mizunguko miwili ya udi, 5. Jumla 125, yaani 2:05. Hakuna kiitikio cha tatu, kwa sababu msikilizaji akirudia wimbo, kiitikio cha mwanzo ndicho kinakuwa cha tatu. Udi uishie kwenye noti inayodai kujibiwa, usitue kwenye noti ya nyumbani ya maqamu, yaani ya ngazi ya noti za wimbo. Usififishe mwisho. Usiache ukimya unaozidi nusu sekunde. Faili la kumalizia liwe WAV, sauti kama −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele kisipite −1 dB, la sivyo udi utakwaruza ukibanwa kwenye simu.

Kibwagizo
Naongezea. Kama kaditama ina fumbo, hapo kurudia kunakufaa maradufu: anayesikia mara ya pili anaujua mwisho, na ubeti wa kwanza anausikia kwa maana nyingine. Nyimbo fupi nyingi hazina hiyo, zinarudiwa kwa ladha ya kiitikio tu.

LangoniKwetu
2:05 inapita dakika mbili. Prodyuza hatakubali.

FundiMitambo_MLD
Hakuna mtambo unaokata mtu kwa sekunde tano. Kinachopimwa ni kama wanafika sekunde 30 na kama wanamaliza. Akishindwa kabisa, toa udi wa mwisho, uingize juu ya mshororo wa mwisho wa kaditama. Ni 2:00 kwenye saa.

LangoniKwetu
Na je, nikiacha hii ya 1:45 itoke Ijumaa, kisha nitoe ndefu yenye ubeti wa mzee mwezi ujao? Kila mtu atapata chake.

WakiliWaBarazani
Matoleo mawili si kosa. Kosa ni la kwanza kutoka na jina lako mahali pa lake. Hilo rekebisha leo, liwe fupi, liwe refu.

FundiMitambo_MLD
Na kiufundi: kubadilisha jina la mwandishi hakuhitaji msimbo mpya wa ISRC (namba ya kuitambulisha rekodi), unahariri taarifa tu. Kubadilisha rekodi yenyewe, 1:45 kuwa 2:05, kunahitaji msimbo mpya, kwa hiyo unaondoa uliopeleka na kupeleka upya. Fanya kabla haujatoka. Ukishatoka wasambazaji wengi hawaruhusu kubadili faili, na hesabu ya waliosikiliza toleo la kwanza inaweza isihamie kwenye la pili. Leo ni Jumanne. Mapitio ya msambazaji huchukua siku kadhaa, kwa hiyo Ijumaa hii huenda ukaikosa. Isogeze hadi ijayo, na kaditama uirekodi kwa maikrofoni ile ile na umbali ule ule, la sivyo itasikika kama imebandikwa.

ChaiYaRangi
Ukimaliza weka kiungo hapa. Nitakaa na saa.

LangoniKwetu
Mzee nitampata baada ya alasiri. Shangazi ndiye naogopa.