Paa la zamani la asbesto: tulikate, tuling'oe au tuliache?

Mama Nuru ameuliza:

Habari zenu ndugu. Tumenunua nyumba ya zamani ambayo paa lake lote ni la mabamba ya mawimbi ya saruji yenye asbesto. Mabamba mengi bado ni mazima, ila mawili ya upande wa jikoni yamepasuka na kuota kuvumwani. Mume wangu anataka kuikata sehemu hiyo kwa msumeno wa umeme na kuiziba kwa bati, naye anasema ni kazi ya nusu siku tu. Mimi nasita, kwa kuwa nimesikia kwamba asbesto huleta saratani. Kama ni hatari hivyo, kwa nini iliwekwa majumbani? Na je, hatari iko katika kulala chini ya paa hili au katika kulibomoa? Tuna watoto wawili wadogo.

Fundi Mpauaji amejibu:

Mama Nuru, tafadhali mzuie mumeo asiwashe msumeno huo, kwa sababu hatari kubwa iko hapo hasa.

Asbesto ni jina la madini 6 ya asili yenye nyuzi, na yaliyotumika zaidi ni krisotili, ambayo ni nyeupe, amositi ya kahawia na krosidoliti ya buluu. Nyuzi zake haziungui, haziozi na hazikatiki kwa urahisi, tena zilikuwa za bei nafuu, ndiyo maana zilichanganywa na saruji kutengeneza mapaa na mabomba ya maji, zikazungushiwa boila na mabomba ya mvuke melini na viwandani, na zikatiwa hata kwenye breki na klachi za magari. Ubaya wake ni kwamba uzi wa asbesto ukisagwa haugeuki chembe za mviringo, bali hupasuka kwa urefu kama katani inavyochambuliwa, ukawa mwembamba hata macho hayauoni, nao huelea hewani kwa muda mrefu.

Katika mabamba ya paa, asbesto kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15, na saruji ndiyo iliyoishika. Bamba zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache sana. Msumeno, keekee, msasa na brashi ya waya huivunja saruji hiyo na kuziachia nyuzi mbele ya pua ya fundi.

Ikibidi kuyaondoa mabamba hayo mawili, kwanza ulizieni sheria ya mahali mlipo, kwa kuwa nchi nyingi huiacha kazi hii kwa mafundi wenye kibali. Anayeifanya hulowanisha bamba kwa maji ya kunyunyiza, hufungua skrubu badala ya kulivunja, hulishusha kwa mikono likiwa zima, hulifunga kwa plastiki nzito yenye alama ya onyo, kisha hulipeleka kwenye jaa linalopokea taka za namna hiyo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haifai kitu hapo; kinachohitajika ni kipumulio chenye kichujio cha daraja la P3 kinachobana uso vizuri. Hakuna kufagia pakavu. Jambo jingine, na watu hulisahau: mabamba yaliyozeeka hayakanyagwi, maana hukatika ghafla na wengi wameanguka kupitia mapaa hayo.

Mkaazi wa Zamani amejibu:

Kwa heshima, naona hofu hii imezidi. Sisi tulikulia chini ya mapaa hayo, na mafundi wa wakati ule waliyakata kwa misumeno wakiwa vifua wazi. Hatukusikia aliyeugua.

Muuguzi wa Mapafu amejibu:

Ndugu Mkaazi, kuishi chini ya paa zima kwa kweli ni hatari ndogo, na hapo nakubaliana nawe. Hao mafundi, hata hivyo, wasingeweza kuugua mbele ya macho yako, kwa sababu maradhi haya huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza, na mtu anapoanza kukosa pumzi hakuna anayekumbuka kazi ya ujana wake.

Ushahidi si wa jana. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, na mapafu yake yakakutwa yamejaa makovu. Hiyo ndiyo asbestosi. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake walionyesha uhusiano wa krosidoliti na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, katika eneo la migodi huko Afrika Kusini; miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuchimba, bali waliishi tu karibu na migodi. Wake wa wafanyakazi nao waliugua kwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao. Aina zote za asbesto husababisha saratani, ya mapafu ikiwamo, na anayevuta sigara huku akivuta vumbi hili huzidisha hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi. Kadiri vumbi linavyokuwa jingi na miaka kuwa mingi ndivyo hatari inavyopanda, lakini hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa.

Mama Nuru ameandika:

Ahsanteni sana, msumeno umerudishwa stoo. Maji ya mvua tunayoyakinga je? Na tunaweza kulipaka paa rangi?

Fundi Mpauaji amejibu:

Kuhusu maji, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba nyuzi zinazomezwa hudhuru kama zile zinazovutwa. Jihadharini zaidi na tope la mifereji, kwa sababu mabaki ya bamba lililochakaa hukusanyika humo: lizoeni likiwa bado bichi, na mlifunge kwenye mfuko kabla halijakauka na kuwa vumbi. Rangi inafaa kwa mabamba mazima, mradi anayepaka asimame kwenye jukwaa la pembeni, na asiyasugue kuvumwani wala kuyapiga kwa maji ya mashine ya presha kabla ya kupaka.