Kugawa skrini katika gemu za vita: kwa nini kumekuwa adimu, na zipi zinafaa kibandani?

Mwenye Kibanda, Ngamiani

Habari zenu, wanajamvi. Nina kibanda cha gemu hapa Ngamiani, Tanga, na wateja wangu wengi ni vijana wanaokuja wawili wawili. Katika mpira hakuna tatizo, kwa kuwa wawili hukaa mbele ya televisheni moja, kila mmoja na pedi yake, na wote hulipia. Tatizo limo katika gemu za vita. Hivi karibuni niliagiza diski ya gemu mpya ya PS4 (PlayStation 4), nikakuta kwamba ni mtu mmoja tu anayeweza kuicheza kwenye televisheni, na mwenzake hana budi kuwa na mashine yake, nakala yake na intaneti yake. Zamani tulikuwa tukicheza wanne kwenye skrini moja. Naomba kueleweshwa ni nini hasa kilichozuia jambo hilo wakati mashine za leo zina nguvu zaidi, na ni gemu zipi za vita za PS4 ambazo bado zinakubali wawili pamoja, ikiwezekana bila intaneti, maana bando langu halitoshi kuhudumia televisheni zote.

Fundi wa Chumbageni

Kaka, nguvu ya mashine imeongezeka, lakini kazi inayopewa imeongezeka zaidi. Wengi hudhani kuwa skrini ikigawanywa kazi hubaki ile ile, kwa sababu kila mmoja anapata nusu tu. Kwa idadi ya nukta za picha hilo ni kweli: zile 1920 kwa 1080 hazizidi. Kinachoongezeka ni matayarisho. Kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana kuleta mwendo, prosesa (ubongo wa mashine) hulazimika kukagua mara mbili ni vitu gani vinavyoonekana, mara moja kwa kila mchezaji, kisha itoe maagizo ya kuchora majengo, vivuli na maadui kwa kila upande. Gemu inayolenga fremu 60 kwa sekunde ina takribani milisekunde 16.7 za kumaliza hayo yote, na prosesa ya PS4, yenye viini 8 vya gigahezi 1.6, haikuwa na akiba kubwa hata ilipotoka mwaka 2013.

Kisha kuna memori, mahali ambapo mashine huweka vitu inavyovitumia wakati huo. Wachezaji wakitengana, mmoja akaenda mlimani na mwingine akabaki bandarini, sehemu zote mbili za ramani lazima zikae kwa wakati mmoja ndani ya gigabaiti 8 zilezile, ambazo mfumo wa mashine umekwisha kujichukulia fungu lake. Ramani ndogo iliyofungwa huvumilia hali hiyo kuliko ramani kubwa ya wazi. Halo 5, gemu ya vita ya Xbox ya mwaka 2015, iliachana kabisa na kugawa skrini kwa sababu watengenezaji wake, 343 Industries, walichagua kulinda fremu 60. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ilichezwa na watu wanne kwenye Nintendo 64, ni kweli, lakini fremu zilishuka mno, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa hatukuwa tumeona kilicho bora zaidi.

Binti wa Pangani

Kaka Fundi, maelezo ya memori nayakubali, ila nadhani unawasamehe watengenezaji mapema mno. Gears 5, gemu nyingine ya vita ya mwaka 2019, iliruhusu watu watatu kugawana skrini kwenye Xbox One, mashine ya rika moja na PS4. Halo Infinite ilitoka Desemba 2021 ikiwa na ahadi kwamba hadithi yake, yaani sehemu ya gemu inayofuata kisa, itachezwa na wawili kwenye skrini moja, na Septemba 2022 ahadi hiyo ikafutwa. Sababu iliyotangazwa haikuwa udhaifu wa mashine, bali kwamba wafanyakazi walihamishiwa kwenye kazi za kuendeleza mchezo mtandaoni. Muda mfupi baadaye wachezaji waligundua njia ya kuwasha wenyewe skrini hiyo ya wawili, nayo ikafanya kazi vizuri kuliko wengi walivyotarajia!

Kwa maoni yangu hesabu ya biashara ndiyo iliyotangulia. Wawili waliokaa kochi moja hununua nakala moja, waliotengana hununua mbili, na siku hizi kila akaunti ni mteja wa kuuziwa mavazi na mapambo ya silaha.

Mzee wa Raskazone

Vijana, mwenzenu ameuliza pia cha kununua. Kwa PS4, Call of Duty: Black Ops III inakubali wawili kwenye skrini moja katika hadithi na katika Zombies (sehemu ya kupambana na maiti wanaotembea), na Borderlands 3 inakubali wawili katika hadithi nzima. Toleo la Borderlands 3 la PS5 hufikisha wanne. Televisheni iwe kubwa, kwani maandishi yaliyopangwa kwa skrini nzima husomeka kwa taabu kwenye nusu.

Mwenye Kibanda, Ngamiani

Shikamoo mzee, nashukuru. Je, Fortnite? Vijana wanaiulizia kila siku.

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Inawezekana kwa wawili tangu Desemba 2019, kwenye PlayStation na Xbox, lakini kila mmoja lazima awe na akaunti yake ya Epic, kampuni yenye gemu hiyo, na bila intaneti haichezeki kabisa. Diski hainunuliwi wala PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, hauhitajiki, kwa hiyo gharama yako itakuwa bando tu. Ningeiweka kwenye televisheni moja na kuitoza bei yake.

Kabla ya kununua diski nyingine, geuza kasha usome nyuma. Idadi ya wachezaji wa mashine moja huandikwa peke yake, na ya wachezaji wa mtandaoni huandikwa peke yake. Ukiona mchezaji 1 upande wa kwanza, usishawishike na idadi kubwa ya upande wa pili. Ukiona 1 hadi 2, muulize muuzaji ni sehemu gani ya gemu inayohusika, kwa maana nyingine hutoa hali moja ndogo tu ya kando na kufunga hadithi yote iliyobaki.